Mlango wa Nyuma wa Boma la Nangumbi

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilikuwa uani kwetu Naliendele nikianua nguo, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Namba kama hizo huwa sipokei. Huiacha simu iite mpaka ichoke, halafu najiona mbaya siku nzima. Hii niliipokea kwa bahati tu, mikono imejaa mashuka, kidole kikabonyeza chenyewe. Mwanamke wa upande wa pili hakusalimia. Aliuliza kama mimi ndiye Atu wa kwa masista. Nikasema ndiye. Akasema yeye ni Zainabu, binti wa Bibi Somoe wa Nangumbi, mama yake amefariki Jumanne na wamekwisha kumzika, na kesho asubuhi wanasoma hitima. Nikasema pole, nikasema tena pole. Nilisikia kuku na watu wakiburuta sufuria upande wake. Mwisho akasema kilichomfanya anitafute mpaka akaomba namba yangu kwa wasichana wa hosteli: "Mama majina hakutuachia. Hakutaka kuyataja nje ya pale. Wewe uliyasema kwa wageni, basi njoo utuambie na sisi."

Hakuisema kwa hasira, na mimi nilitamani angekasirika. Ili nieleze majina hayo ni ya nani, na kwa nini yamebaki kinywani mwangu mimi ambaye hata ukoo wao siujui, inabidi nirudi kwenye mwaka wangu wa kidato cha tatu, nilipokuwa na miaka kumi na sita. Sasa nina kumi na tisa. Najua watu wazima watacheka nikisema "zamani," lakini kwangu mwaka ule uko mbali kuliko utoto wangu wote, na haukuanza Januari wala kwisha Desemba. Ulianza Shaabani moja ukaishia Shaabani iliyofuata.

Boma la Nangumbi liko karibu na mdomo wa Ruvuma, juu ya kilima kifupi kinachotazama maji ambayo wenyeji wanayaita ziwa. Si ziwa hasa. Ni mkono wa mto uliokatika ukabaki peke yake nyuma ya mikoko. Masika maji yake yananyweka, kiangazi yana chumvi, na viboko wamo mwaka mzima, wanakoroma usiku kama wazee. Boma lilijengwa na tajiri mmoja aliyenunua pembe na watu. Wajerumani wakaongeza mnara na mahabusu. Waingereza wakalifanya ghala, wakaondoka, likabaki la popo. Halafu wakaja masista, wakafukuza popo, wakapaka chokaa, wakaweka msalaba juu ya mnara na wasichana wa hosteli chini yake. Mahabusu ndiyo ikawa kikanisa, kwa kuwa ndicho chumba pekee kisichovuja. Na kile chumba kirefu cha chini, ambamo tajiri alifungia watu wake wakisubiri vyombo vya baharini, kikawa stoo ya jiko. Pete za chuma zilikuwa bado ukutani. Sista Bernadeta alitundikia vitunguu.

Sista Bernadeta alikuwa mtu wa jiko na wa funguo, Mmakonde wa Newala, mnene, mcheshi, mwenye kuongea na masufuria kama watoto waliomkosea. Kila kitu ninachokijua kuhusu boma nilikipata kwake, jioni, nikimchambulia dagaa. Wenzangu waliniita Bubu. Darasani nilikuwa nikiulizwa swali naangalia sakafu mpaka mwalimu ananihurumia, anamuuliza mwingine. Lakini jikoni niliuliza. Nani alijenga ngazi hizi, kwa nini ukuta huu ni mnene hivi, mlango mdogo wa nyuma unakwenda wapi. Sista alijibu kila kitu isipokuwa hilo la mlango. Alisema, "Unakwenda nje," akanipa sahani niisugue.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Shaabani. Wenzangu walikuwa shule, mimi nilikuwa na malaria, nimelazwa juu mnarani, nimeambiwa nisitoke kitandani. Homa ilipopungua njaa ikanishika, na njaa yangu siku hizo ilikuwa ya kitu kimoja: vipande vya pembeni vya hostia, mkate mwembamba wa misa, vile vinavyobaki baada ya kukata duara. Vinaliwa kama biskuti zisizo na sukari na tulivipenda kupita kiasi. Nikashuka mpaka stoo. Nilikuwa nimejaza kiganja niliposikia mlango wa nyuma unasukumwa. Komeo halikuwa limefungwa. Kupitia dirisha la mbao la stoo nikaona wanawake watatu wazee wakiingia uani, wa mbele akiwa na kapu la muhogo kichwani. Walivua viatu. Yule wa mbele akatoa muhogo juu, na chini ya muhogo alikuwa na bakuli la unga wa mtama, mweupe sana. Wakaenda mpaka chini ya ukuta, pale ambapo mawe yamepinda kidogo kama mtu aliyekaa vibaya, akamimina unga kidogo kidogo ukawa kilima cha ngumi. Akasoma dua, wenzake wakaitikia. Kisha akataja majina, moja moja, ya wanawake, kila jina akigusa ukuta kwa kiganja.

Sikuogopa. Nilihisi kama niliyeingia katikati ya watu wanaokula, nikataka kurudi nyuma, na kapu la vitunguu likaanguka. Wawili waliganda. Yule wa mbele akaja dirishani, akanitazama na makombo yangu mdomoni. Nikasema shikamoo Bibi. Akasema marahaba. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Umeona?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi usione."

Akachukua bakuli lake na ukimya wake, wakavaa viatu, wakatoka. Muhogo waliuacha mlangoni pa jiko, na jioni tuliula kwa mchuzi wa korosho. Mama Mkuu wa masista, ambaye siku hiyo tuliambiwa anaumwa kichwa, alishuka mezani akiwa mzima akausifu muhogo kwamba hauna nyuzi. Sista Bernadeta, ambaye mchana wote alikuwa kikanisani, akajibu kuwa ni wa Bibi Somoe, huleta kila mwaka wakati kama huu. Na kuku wetu walikuwa uani, wanamalizia kitu cheupe chini ya ukuta.

Nilimsumbua Sista wiki nzima. Mwishowe, mikono yake ikiwa kwenye unga wa ngano na hana pa kukimbilia, aliniambia. Tajiri alipojenga boma, wanawake aliowanunua ndio waliobeba matumbawe na kuchoma chokaa. Upande ule wa ukuta ulianguka ukingali mbichi, ukawafunika baadhi yao, na tajiri akaamuru ukuta ujengwe juu yao kuliko kupoteza siku kuwafukua. Wenzao waliobaki walishika majina. Wakawapa binti zao, na wale binti zao, hadi kwa Bibi Somoe. Mtu haingizwi mpaka awe amezaa binti, na majina hafundishwi mtu; anayasikia pale ukutani, mwaka baada ya mwaka, mpaka yanakaa. Nyumbani Bibi alisema anakwenda kuwauzia masista muhogo. Sista alisahau komeo. Mama Mkuu aliumwa kichwa. Masista waliotangulia walikuta hivyo, nao wakasahau na kuumwa. Nilimuuliza kama ni dhambi. Akafikiri. Akasema, "Mimi nakuwa kanisani. Kinachofanyika uani nitakijuaje?" Akacheka, na mimi nikacheka, na nilidhani nimeelewa.

Hapo ndipo ninaporudi kila ninapokosa usingizi. Sista hakuniapisha, Bibi hakunitisha. Wote wawili waliniamini kwa namna ileile waliyoaminiana wao kwa wao, bila kuniambia kwamba ndivyo walivyofanya. Mtoto wa pale angejua. Mtoto aliyekulia kijiji ambacho mwenye msikiti na mwenye kanisa wanaoleana na kuzikana, anajua kuna mambo ambayo yanaishi kwa sababu hakuna anayelazimika kuyajibu. Mimi nilikulia kwenye nyumba za serikali, kwa watu waliohamahama, ambako jambo zuri ukilijua unalisema ili upate alama.

Mwezi wa sita, tukiwa likizo na wachache tumebaki, tuliambiwa wageni wanakuja kuliona boma. Paa la mnara lilikuwa limeoza, na usiku mmoja nilimsikia Mama Mkuu chumba cha pili akimwambia Sista Bernadeta kwamba hawa wafadhili wasipoguswa mwaka huu, mwakani wasichana watalala chini ya mvua. Asubuhi yake akaniita. Alisema ameona mimi ndiye ninayelijua boma, niwatembeze. Nilimwangalia miguuni, nikasema siwezi kuongea mbele za watu. Akasema, "Usiwaangalie wao. Angalia nyumba." Yalikuwa maneno mazuri na ndiyo yaliyoniponza, kwa sababu yalifanya kazi.

Walikuja watu kama kumi, baadhi kutoka Dar es Salaam, wawili Wazungu, na padre mmoja wa mbali aliyewafasiria. Nilianza kwa kuwageuzia mgongo. Nikaangalia ngazi, nikazisemea ngazi. Nikaangalia pete za chuma zenye vitunguu, na mama mmoja akaweka mkono mdomoni. Sijui niseme vipi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wazima walikuwa wananyamaza ili mimi niongee. Sauti yangu ilitoka nene, nikaipenda. Wasichana wenzangu walitufuata kwa nyuma, nikamsikia mmoja akinong'ona, "Leo Bubu kafunguliwa kamba." Hata hilo nililipenda. Kwa hiyo tulipofika uani, na ziara imekwisha, na Mama Mkuu amekwisha kusema karibuni chai, mimi sikutaka iishe. Nikawapeleka chini ya ukuta. Nikawaambia juu ya wanawake wa chokaa, ukuta, unga, dua, mlango usiofungwa. Nikagusa mawe kwa kiganja kama Bibi Somoe alivyogusa, nikayataja majina.

Padre alikuwa akifasiri sentensi kwa sentensi. Kwenye unga akasimama. Hakufasiri tena. Wazungu wakamtazama yeye, kisha mimi. Aliniuliza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Kila mwaka, mwanangu?"

"Kila mwaka, Padre."

"Na masista wanajua?"

Ningeweza kuangalia sakafu. Kitu nilichokifanya maisha yangu yote, dakika ile kingenifaa. Nikasema, "Hakuna asiyejua, Padre."

Wageni walikunywa chai wakaondoka. Jioni nilipita chini ya dirisha la ofisi nikiwa na ndoo, nikasikia Mama Mkuu akisema angejua asingenipa mimi. Sista Bernadeta akamjibu kwamba mtoto hakudanganya. Mama Mkuu akasema, "Ndiyo shida yake." Hakuna aliyenigombeza, siku ile wala nyingine. Paa lilijengwa. Usiku wa mvua ya kwanza nililala chini ya bati jipya nikiwa mkavu, nasikia maji yanavyopiga juu, na sikuweza kufurahia, maana ziara yangu ndiyo iliyolileta.

Maagizo yalikuja kutoka juu. Sikuyaona; niliyaona matokeo yake. Mwezi wa nane alikuja fundi wa Mpapura na matofali ya saruji, akaziba mlango wa nyuma huku akipiga mluzi. Alikuwa fundi mzuri. Aliomba maji ya kunywa, nikampelekea, akaniuliza kwa nini wanaziba mlango mzuri hivi. Nikasema sijui. Mwezi wa tisa Sista Bernadeta alihamishiwa nyumba nyingine, bara huko, ambako alisema kuna baridi na hakuna korosho. Aliniachia maagizo kuhusu panya wa stoo. Alipanda gari, akafungua kioo, akasema, "Kula, Atu, umekonda." Nilikuwa nimerudi kuwa Bubu, na safari hii nilikuwa na sababu.

Kijijini maneno yalifika kwa dereva aliyewaleta wageni. Alikula mgahawani akasimulia, bila ubaya, kama mtu anavyosimulia alichokiona safarini. Mwalimu wa madrasa, ambaye naye nadhani kwa miaka yote aliamini habari za muhogo kwa sababu alichagua kuziamini, sasa aliulizwa mbele za watu, na mbele za watu ilimbidi ajibu. Akasema dua za waumini hazina kazi katika nyumba ya masista, na unga ni wa kula. Wenzake wawili wa Bibi Somoe waliacha. Mmoja wao alifariki wakati wa msimu wa korosho, wa pili, aliyekwisha kuanza kupoteza kumbukumbu, mwanawe akamchukua Masasi. Nilizisikia habari hizi kisimani, kutoka kwa watu ambao hawakujua wanaongea na nani, au walijua.

Shaabani ikarudi. Alhamisi ya mwisho nilijifanya mgonjwa. Nilijiambia sijui kwa nini. Nilikaa jikoni na msichana mpya wa jiko, nikasikia hodi kwenye geti la mbele. Alikuwa Bibi Somoe peke yake, kapu kichwani. Nikaenda kumpokea, nikamsalimia, akaitikia. Alitua kapu juu ya baraza, akatoa muhogo mmoja mmoja akaupanga, na chini ya muhogo hapakuwa na kitu ila majani ya mgomba.

"Leo nimekuja kuuza muhogo kweli," alisema.

Msichana wa jiko akaanza kuchagua, akilalamika mingine mirefu mno. Mimi nilileta maji. Bibi alikunywa akiwa ameketi, na kutoka barazani mtu aliweza kuuona ukuta wa uani na lile jipu la saruji pale ulipokuwa mlango. Aliutazama kama mtu anavyotazama chombo kilichokwisha ondoka. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Agosti. Nilikuwa nimeyaandika, nikayafuta, nikayaandika. Halikutoka hata moja. Yeye ndiye aliyesema, bila kunigeukia: "Nilikwambia usione. Nilidhani nasema na mtu wa hapa." Kisha, labda kwa kuwa aliniona ninavyolia, akaongeza kwamba nisilie juu ya muhogo wa watu, nitaulainisha. Akapokea kikombe kingine cha maji, akakinywa chote, akaenda zake. Sikumwona tena.

Watu niliowahi kuwaeleza kisa hiki, na ni wawili tu, wote walinifariji kwa namna moja: nilikuwa mtoto, nilisema kweli, na historia lazima ijulikane. Yote ni sahihi na hayanisaidii. Historia niliyoitoa uani ilikuwa imejulikana tayari, na wenye haki ya kuijua, na namna waliyoijua ndiyo iliyowawezesha kuingia mlangoni. Nilichoongeza mimi ni sauti yangu. Nimejaribu kukumbuka kama kwenye ziara ile niliwafikiria wanawake walio chini ya ukuta hata kidogo. Niliwafikiria wageni. Niliwatazama kama wamesisimka.

Jumamosi ile, baada ya simu ya Zainabu, nilikunja mashuka vibaya, nikapika, tukala. Mama aliniuliza mbona nasogeza midomo. Nilikuwa nahesabu majina. Na nilichokuwa nakijua siku zote, nikakipita haraka siku zote, sasa kilinifanya nisukume sahani: sikuwa nayo yote. Siku ile dirishani, Bibi alipofika jina la nne, Sista Bernadeta huko kikanisani aligonga kengele ya saa sita, na kengele ilifunika. Niliona midomo ya Bibi na kiganja chake ukutani, jina sikulisikia. Mbele ya wageni nililiruka, na nani angegundua. Nililala nikitafuta la kumwambia Zainabu. Ningeweza kuweka jina lolote. Majina ya bibi za zamani yako mengi, na kwa watu waliokosa yote lingepokewa.

Asubuhi nilipanda pikipiki kabla jua halijawa kali. Nangumbi nilikuta wanawake uani kwa marehemu wakichambua mchele, nikaketi mkekani, nikapewa ungo. Zainabu alinitambua kwa jinsi nilivyokuwa simwangalii mtu usoni. Ana mtoto wa kike wa miezi michache mgongoni. Hitima ilisomwa, pilau ikaliwa, na wanaume walipoanza kutawanyika Zainabu akasimama, na wanawake wengine saba, wanane, wakasimama naye, bila mtu kusema twende. Tulizunguka boma kwa upande wa ziwa, hadi pale mlango ulipozibwa, kwa nje. Juu dirisha moja la masista lilikuwa wazi na likabaki wazi. Zainabu akamimina unga chini ya saruji. Hakuniuliza kama niko tayari. Alisema tu, "Haya."

Nikaweka kiganja ukutani. Nikasema Kidawa. Nikasema Faida, nikasema Nantende. Waliitikia kila jina, mmoja akinisahihisha Nantende ninavyolivuta vibaya. Kiganja nikakiacha palepale. Nikawaambia kwamba hapa yupo mtu, Bibi alimtaja, lakini kengele ya masista iliita na mimi sikumsikia, na ningependa kuwadanganya lakini siwezi. Walitazamana. Mama mmoja mtu mzima alishusha pumzi, akasema kitu kwa Kimakonde ambacho sikukielewa na sikuomba nifasiriwe. Zainabu alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza khanga.

"Na huyo wa kengele," alisema, akigusa ukuta.

"Na huyo wa kengele," wakaitikia.

Nikamalizia Zaituni na Binti Mkwanda. Nilikuwa nimeongea kwa sauti ya chini, uso kwenye saruji, na nilidhani imekwisha. Zainabu akasema nirudie, walio nyuma hawakusikia. Nikageuka, nikawatazama, nikaanza tena na Kidawa.